Siku Nilipotoa Makochi Nje

Nina kaburi langu kule kwetu Ileje, limefukiwa vizuri na kusawazishwa, na mimi mwenyewe nipo hapa nakunywa chai na nyie. Haya, chekeni kwanza mmalize, maana najua wengine mnasubiri niondoke ndipo muanze kunisema, bora niwasimulie mwenyewe kuliko mkasikie kwa watu wa stendi ambao wameongeza chumvi mpaka wanadai nilifufuka siku ya tatu. Uongo mtupu, nilifufuka siku hiyohiyo, mchana kweupe, mbele ya kwaya. Aibu niliyoipata siku ile sijui niipime kwa debe gani, na ingekuwa aibu tu ningeshukuru Mungu, lakini iko sehemu ya habari hii ambayo mpaka leo nikiifikia mate yananikauka.

Tuanze na ugonjwa wangu. Mimi Lusekelo, mnayeniita Seke, ugonjwa wangu ni kamati. Nikiona watu wawili wamekaa pamoja nataka niwe mwenyekiti, wakiwa watatu naanza kupanga ratiba. Harusi zote za mji wetu wa Mpemba nimezisimamia mimi, sendofu, kipaimara, mpaka sherehe ya mtu kupata leseni ya kuendesha lori nilishaiundia kamati ndogo ya vinywaji. Sasa mwaka ule kanisani kwetu wakaunda kamati ya mavuno na mimi jina langu halikusomwa (wakamchukua mtu ambaye hata viti kupanga mstari hajui, namuheshimu sitamtaja), basi nikasusa. Niliacha kwaya, niliacha ibada, Jumapili nikawa nakaa ndani nasikiliza honi za malori kwenye foleni ya mpakani na kununa peke yangu. Na mtu aliyesusa, jamani, ni rahisi kuokotwa.

Aliyeniokota ni Mwalimu Obedi. Alikuwa ametokea Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia, watu wa kule walimwita ba Obedi kwa heshima, mtu msafi, ndevu amezichonga, anaongea polepole kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Alikuja kwenye kibanda changu cha vitenge, akashika kitambaa hiki, akaacha, akashika kile, akaacha, halafu akaniangalia usoni akasema, kwa neno lao la kumheshimu mtu, "Mukwai, wewe jina lako linakubana."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kitu kama hicho. Nilimpa kiti hapohapo.

Akanieleza kwamba kila mtu ana jina lake la kweli nyuma ya Pazia, ambalo waliotangulia wanalijua, na kwamba hili tulilopewa na wazazi ni la kuazima tu, ndiyo maana mambo yetu hayaendi. Alikuwa anaanzisha kundi, Ushirika wa Pazia, mambo ya siri, si ya kila mtu, na kitu alichokosa, akasema huku ananiangalia, ni mratibu. Mratibu! Hapo ndipo aliponimaliza. Angesema anatafuta muumini ningemuuliza maswali, lakini alisema mratibu, na mimi nikamjibu, "Mwalimu, tuanze lini?"

Siku za mwanzo zile, haki ya Mungu, nilichapa kazi. Sebule yangu pale Mpemba ndiyo ikawa hekalu, maana nakaa peke yangu. Nikampata Tusa, binti fundi cherehani, ambaye mchumba alikuwa amemwacha kwenye mataa, nikampata Fikiri wa bodaboda ambaye kila pikipiki anayopewa inakufa injini, na mama wawili wauza mchele ambao wameniomba nisiwataje na nimewaahidi. Tuligeuza vioo vikaangalia ukutani, tukamwaga chumvi mlangoni, tukapakana majivu kwenye paji la uso, na Mwalimu akawa anaingia chumbani kwangu, nyuma ya pazia langu la maua, anaongea na waliotangulia kwa sauti ya chini huku sisi tumekaa tunatetemeka. Mimi nikaandaa sare, nikaandaa ratiba, na (msinicheke sana hapa) nikafungua na grupu la WhatsApp. Dini ya siri, mimi nimeifungulia grupu lenye picha yetu wote tukiwa na majivu! Mwalimu alipoiona alifumba macho muda mrefu, kisha akasema, "Mukwai, futa." Nikafuta picha, nikaweka ya pazia.

Basi ikafika siku ya kufa. Ndivyo ilivyoitwa, kufa kwa jina. Kila mwanachama ilibidi alale sakafuni katikati ya nyumba, afunikwe shuka jeupe mwili mzima, asitikisike, na wenzake wakae chini wakimzunguka bila kufungua mdomo, wakati Mwalimu yuko nyuma ya Pazia anapokea jina jipya. Akishalipokea anatoka, analiita, na wewe unainuka ukiwa mtu mwingine. Wa kwanza kufa, akasema, ni mratibu. Nyie, nilivimba kichwa, nikajiona nimechaguliwa kuwa diwani!

Ila alitupa onyo, na onyo hili mlishike kwa sababu ndilo lililonifunga. Alisema wanaokaa wasiongee hata neno, atakayeongea ulimi wake unabaki kwa wafu. Na mimi niliyelala nisiinuke kabla ya kuitwa. "Ukiinuka kabla," akasema, akanishika bega, "kifo kinakuacha wewe, kinamwendea aliyekuzaa."

Mama yangu yuko Ileje, milimani kule, mjane, ndugu zangu wote walishatangulia, nimebaki mimi peke yangu kwake. Ana presha, na daktari alishatuonya kwamba habari za ghafla asipewe. Nilitaka kusema Mwalimu, basi tuanze na Fikiri, lakini mratibu ataonekanaje? Nikasema moyoni, kwani kulala ni kazi? Nitalala kama gogo.

Jumamosi asubuhi nikaenda kununua shuka. Muuzaji akaniuliza la kitanda cha ngapi, nikamwambia hapana, nataka la kumfunika mtu mrefu, jeupe tupu, lisiwe na ua. Yule mama akaacha kutafuna, akalikunja taratibu, akasema, "Poleni sana." Na mimi, kwa akili zangu timamu, nikamjibu, "Asante, tumeshapoa."

Sasa tunafika kwenye makochi. Mwalimu alisema hakuna kiti kinachotakiwa kuwa juu ya anayekufa, sebule iwe tupu. Tusa akashauri tuyasukume makochi chumbani. Nikamwambia chumbani yupo Mwalimu na waliotangulia, tutawabana, tuyatoe nje tu, yapigwe na jua kidogo. Tusa akaniangalia, akasema, "Kaka Seke, makochi nje? Watu wataona."

"Wataona nini? Kwani hawajawahi kuona makochi?"

Jamani! Mimi nimezaliwa mkoa huu huu. Nimebeba makochi ya watu kuyatoa nje tangu nipate nguvu ya kubeba. Nani asiyejua kwamba nyumba ikitoa makochi yote asubuhi, wanawake wakajifunga vitenge kiunoni na kukaa chini sebuleni, basi hapo kuna msiba? Hata mgeni aliyeshuka kwenye lori jana anajua! Lakini nilikuwa mratibu, na mratibu akishaanza kupanga hasikii la mwadhini wala la kengele. Tukayatoa, la watu watatu na yale madogo mawili, tukayapanga ukutani nje (nikayanyoosha mstari, mjue), tukaingia ndani, ubani ukawashwa, Mwalimu akaingia chumbani, nikalala, wakanifunika.

Nilikuwa hata sijaanza kusinzia niliposikia kandambili za Mama Sichone.

Mama Sichone ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana, yaani mama huyu msiba anaunusa kabla mgonjwa hajakata roho. Nikasikia kandambili zimesimama kwenye makochi. Zikaja mlangoni. Fikiri alikuwa amesimama pale kama mlinzi wa lango, na Mama Sichone akamuuliza kwa sauti ya chini, "Fikiri baba, kuna nini? Ni Seke?"

Fikiri alikatazwa kuongea. Akatikisa kichwa kukubali. (Baadaye nilimuuliza, we Fikiri ulikuwa na akili gani, akanijibu, "Kaka, si aliuliza kama ni wewe? Na kweli ulikuwa ni wewe.")

Mama Sichone akachungulia ndani. Akaona wanawake wamekaa chini wametulia tuli, Tusa machozi yanamtiririka kwa moshi wa ubani, na mtu mrefu katikati ya nyumba kafunikwa shuka jeupe.

"Mayooo! Mayo weee! Seke wetuuu!"

Nawaambia ukweli, sauti ile ilinipita mwilini kuanzia utosini ikatokea kwenye nyayo. Nikasema moyoni, Mwalimu atatoka sasa hivi, atamweleza. Kimya. Nikasema Tusa atasema neno. Kimya. Mama Sichone akaangukia magotini karibu na kichwa changu, akalia kilio chenye maneno, "Seke, jana ulinisalimia, Seke ulinibebea ndoo, Seke umemwachia nani mama yako?" na mimi chini ya shuka nimekaza misuli, jasho linanitoka, nawaza, nikiinuka namuua mama.

Kumbe msiba ukishalizwa hauna breki. Mpemba yote ikaja. Nikasikia sufuria kubwa zinatua, kuni zinaangushwa, wanaume wanabishana turubai lielekee wapi (na walikuwa wanalikosea, upepo wa pale unatokea barabarani, iliniuma sana kutosema). Nikasikia watu wamekalia makochi yangu. Baba Sichone, ambaye ni seremala, akaingia na futi yake, akainama akanipima kutoka kisiginoni mpaka utosini, akasema, "Huyu mrefu, mbao zangu hazitatosha." Akanigusa mguu, akashtuka kidogo. "Mbona bado ana joto?"

"Ni bati hilo," mtu akamjibu. "Nyumba hii haina dari."

Wakanifunga taya na kitambaa. Wakanifunga na vidole gumba vya miguu pamoja. Nikaambiwa baadaye na Tusa kwamba yeye mwenyewe, aliyenifunika kwa mikono yake, ilipofika hapo alianza kulia kilio cha kweli. "Kaka Seke," akaniambia, "ulivyokaza vile, nilijua umekwenda moja kwa moja."

Halafu akaja mchungaji na kwaya. Kwaya yangu niliyoisusa! Wakaimba, na sauti ya pili waliikosa kwa sababu sauti ya pili ni mimi. Mchungaji akasema, tena kwa uchungu, sauti inamkatika, kwamba ndugu yetu alikuwa mtu wa kujitoa, na kwamba walimwacha makusudi kwenye kamati ya mavuno kwa sababu walikuwa wamempanga awe mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kanisa jipya, na ilikuwa atangazwe kesho. Kesho! Mwenyekiti wa ujenzi! Nilitoa machozi chini ya sanda yangu mwenyewe, yakaingia masikioni, siwezi hata kuyafuta.

Lakini hayo yote, kuchekwa, kupimwa, kufungwa taya, yalikuwa mchezo. Kilichofuata ndicho kilichonivunja.

Mama Sichone alikuwa na namba ya mama. Mama mwenyewe alimpa siku alipokuja kunitembelea, akamwambia, huyu mtoto nakuachia wewe, akiugua hata mafua nipigie. Nikasikia Mama Sichone anapenga kamasi, anabonyeza simu, na kwa kuwa masikio yake hayasikii vizuri ameiweka sauti ya juu. Ikaita. Mama yangu akapokea.

"Haloo, Mama Sichone, mmeamkaje huko? Huyo mwanao ameshakunywa chai?"

Mnajua desturi yetu, kifo hakisemwi kwenye simu, anatafutwa mwanaume, anaambiwa mgonjwa amezidiwa, mje, na yeye anaelewa. Mama Sichone akajikaza, akasema, "Tumeamka salama mama. Baba yake mdogo yuko hapo? Mpe simu."

"Baba yake mdogo wa nini? Si useme na mimi?"

"Mpe tu simu, mama. Seke anaumwa kidogo."

Nyie, mama yangu amezika watoto wanne. Sentensi ile ameshaisikia. Sikusikia akilia. Nilisikia simu inaanguka chini, basi, kisha sauti za kuku na mtu anayeita kutoka mbali.

Nikawa nimelala pale kama mtu aliyegawanywa na msumeno. Upande mmoja unasema inuka, we mpumbavu, mama anakufa kwa habari yako, upande mwingine unasema ukiinuka ndiyo utamuua kabisa, Mwalimu si alisema? Nikawa naomba, sijui nilimwomba nani, nadhani nilimwomba kila mtu, ba Obedi toka, toka uniite, niite jina lolote, niite hata Mbuzi nitaitika! Ba Obedi hakutoka.

Wakaleta beseni la maji ya kuniosha. Nikasikia simu ya Mama Sichone inaita tena. Sauti ya baba mdogo, anahema kama amekimbia.

"Tumeelewa," akasema. "Vijana wameshaanza kuchimba. Lakini shemeji ameanguka. Ameanguka hapa uani, mdomo umekwenda pembeni, haongei."

Sikukumbuka onyo tena. Niliinuka.

Sasa fikirieni kama nyie ndio mngekuwa mmekaa pale. Marehemu mrefu ameketi ghafla, shuka limemwangukia mabegani, majivu usoni, taya limefungwa kitambaa, anasema "Nipe himu! Nipe himu!" kwa sababu mdomo haufunguki. Nilitaka kusimama, nikasahau vidole vya miguu vimefungwa, nikaruka kama chura mpaka mlangoni. Mama Sichone alipita dirishani. Dirisha lile, mwili ule, mpaka leo hatujui alipitaje. Beseni likapinduka, mchungaji (Mungu amsamehe na mimi anisamehe) akatoka mbio nje, akapanda juu ya kochi kwa viatu akawa anakemea na kurudi nyuma kwa wakati mmoja, kochi likaisha, akaanguka. Kwaya ilikimbia na sare zake, soprano mbele, wakavuka barabara kuu bila kuangalia, madereva wa malori wakashuka kwenye foleni kuuliza kuna bomu, waliponiona mimi na shuka langu pale mlangoni wakapanda tena na kufunga vioo.

Nikavifungua vidole vya miguu, nikakimbilia chumbani kumtafuta Mwalimu. Pazia la maua linapepea. Dirisha liko wazi. Ba Obedi alikuwa ameondoka kitambo, nadhani tangu kilio cha kwanza, na kwa kuwa viatu vyake viliachwa mlango wa mbele kwenye waombolezaji, alikuwa amevaa gambuti zangu za shamba. Nilisimama pale nikaangalia ukuta. Yaani nilikuwa nimelala nasubiri kuitwa na dirisha!

Nikafungua taya, nikachukua simu yangu, nikampigia baba mdogo. Akapokea. Nikasema, "Baba mdogo, ni mimi, Seke, mama yukoje?" Nikasikia "Yesu!" na simu ikatupwa, nadhani kwenye migomba, kwa sababu nilisikia majani. Nikapiga tena, haikupokelewa. Ikabidi niende mwenyewe. Bodaboda gani itambeba marehemu? Kila niliyemsimamisha aligeuza. Mwishowe Fikiri ndiye aliyetoka nyuma ya choo, akanitupia koti lake, na kusema neno lake la kwanza tangu asubuhi: "Panda."

Barabara ya Ileje ni nzuri siku hizi, lami tupu, lakini siku ile ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda Dar. Nililia njia nzima, koti la Fikiri nililishika mpaka nikalichana mfuko. Sikuwaza aibu. Nilikuwa nawaza jambo moja, kwamba nimeinuka kabla ya kuitwa, na kwamba mama ameanguka kabla sijainuka, na katika hayo mawili sikujua lipi lilikuwa baya zaidi.

Nilipoingia uani kwetu, wachimba kaburi ndio walioniona kwanza. Waliokuwa juu walikimbia na majembe. Waliokuwa ndani ya shimo hawakuweza, wakainama tu humo humo wakajifunika vichwa. Wanawake wakatawanyika wote, wengine kwenye kahawa, wengine kwa jirani, baba mdogo akapotelea anakokujua yeye. Uwanja wote ukabaki mtupu, na katikati mkeka, na juu ya mkeka mama yangu, ameegemezwa kwenye gunia la mahindi, peke yake.

Yeye hakukimbia. Labda asingeweza, lakini najua hata angeweza asingekimbia. Aliniangalia. Nikapiga magoti mbele yake. Akanyoosha mkono wa kulia, ule mwingine haukuinuka, akanishika sikio, akalifuata na kidole mpaka kwenye kovu la uji ulioniunguza nikiwa mtoto. Halafu mdomo wake ule uliopinda ukajitahidi, maneno yakatoka yamelegea, lakini niliyasikia yote.

"Kama ni mzimu," akasema, "ni mzimu wangu."

Ndipo nilipolia mpaka majirani wakaamini mimi ni mzima.

Tulimpeleka hospitali jioni ileile, Mungu akasaidia, mdomo ulirudi baadaye. Lakini kabla ya kuondoka wazee wa ukoo walikuwa wamesharejea, wakasimama kwenye lile shimo, wakasema kwetu kaburi likishafunguliwa halifungwi tupu, likifungwa tupu litadai. Mimi nilikuwa nimeshaapa sitaki tena kusikia habari ya kifo kinachodai chochote, lakini baada ya nilichokifanya ningewabishia kwa mdomo gani? Wakaniambia nikate mgomba. Nikaukata mwenyewe, nikaubeba begani mwenyewe, nikaufunga lile shuka jeupe nililolinunua mwenyewe, wakautelemsha. Mama akasema anyanyuliwe. Wakamshika huku na huku, akachukua udongo kwa mkono mzima, akamwaga.

"Haya," akasema, "zamu yangu nimemaliza. Iliyobaki ni ya wewe kunizika mimi. Usinivurugie tena foleni."

Ushirika wa Pazia uliishia hapo. Tusa amerudi kanisani, wale mama wa mchele wanajifanya hawanijui, ba Obedi wanasema yuko Nakonde anawaambia watu wengine majina yao yanawabana, na gambuti zangu bado anazo. Mwenyekiti wa ujenzi alichaguliwa mwingine, na mimi nikapewa kazi ya kuosha makochi ya watu kwenye misiba, nayaosha bila kunung'unika. Mtaani naitwa Marehemu, watoto wananisalimia, "Shikamoo Marehemu," na mimi naitika marahaba, nifanyeje sasa? Na nimeapa, mnisikie, kitu chochote cha kufanyia mlango umefungwa, ambacho mama yangu hatakiwi kujua, mimi simo, hata wakinipa urais wa kamati.

Mkono wake wa kushoto haujarudi mpaka leo. Kikombe hakishiki. Lakini simu anashika kwa wa kulia, na kila asubuhi, kabla sijafungua kibanda, ananipigia. Hasemi haloo, haulizi nimeamkaje wala kama nimekunywa chai.

"Makochi yapo wapi?"

"Yapo ndani, mama."

"Yote?"

"Yote, mama."

Namsikia anavuta pumzi, halafu anakata simu aende kwenye shughuli zake.